Ati haina kizibo, basi iuzwe?

Jamaa zangu wote, wa Unguja na Pemba, wa Tanga na Mombasa, na nyinyi mlioko Maskati mnaosoma mkiwa kazini (nawajua!). Huku Guangzhou hatujambo, joto ni lile lile la kunata mwilini, na riziki tunaitafuta kama kawaida. Nimekaa kimya muda mrefu, lakini leo imenibidi niandike, tena kwa ukali kidogo. Mwenye moyo mwepesi anywe maji kwanza.

Habari yenyewe ni chupa za Bibi. Mnazijua, zile 6 za kioo kinene zilizoko kwenye kabati la chumba cha mbele, alizokuwa akitilia mafuta ya mawaridi na ya mlangilangi, zikitolewa siku za harusi na maulidi tu. Tatu zina vizibo vyake vya kioo. Tatu hazina. Tangu Ramadhani iliyopita simu yangu imejaa picha za hizo tatu, zimepigwa kutoka juu, kutoka chini, nyingine gizani, na kila picha ina ujumbe wake. Nimezipanga kauli zenu zikawa tatu.

Kauli ya kwanza: "Tutafutie vizibo huko China, China kuna kila kitu."

Kauli ya pili: "Ikiwa havipatikani, ziuzwe. Chupa bila kizibo ni takataka. Kuna mnunuzi wa Mji Mkongwe ameshakuja mara mbili."

Kauli ya tatu, na hii ndiyo iliyonitoa usingizini: "Tumpelekee fundi azitanue shingo kwa mashine, halafu tutatia kizibo chochote."

Jamani! Nazijibu moja moja, na mtaniwia radhi kwa urefu.

KWANZA: CHINA KUNA KILA KITU

Mimi naishi Dengfeng. Kwa wasiopajua, ni mtaa wa wilaya ya Yuexiu, katikati ya jiji. Kituo cha treni ya chini cha Xiaobei kiko hapa, jengo la Tianxiu liko hapa, na kichochoro cha Baohan ndicho barabara yetu ya kula, kununua na kusalimiana. Zamani Waafrika tulijaa. Baada ya yale ya Aprili 2020, wakati wa korona, wenzetu walipotolewa kwenye nyumba na hoteli usiku usiku, wengi waliondoka na wengine hawakurudi. Lakini hata leo ukitoka nje utasikia Kiswahili, Kifaransa na Kiarabu kabla hujafika kwenye mkahawa wa tambi za Lanzhou.

Sasa, hapa kwetu panauzwa nini? Nguo, viatu, nywele za bandia, simu, spea, masufuria, taa. Vinauzwa kwa katoni na kwa kontena. Mkinituma chupa mpya za kioo zenye vizibo vyake, kontena zima, nitawapatia kabla ya Isha. Lakini vizibo vitatu, kila kimoja cha saizi yake, vya chupa zilizotengenezwa kabla babu hajaoa? Nilipomwonyesha picha mama mmoja muuza chupa aliniuliza, "Ngapi?" Nikamwambia tatu. Akaandika kwenye kikokotoo chake: 3,000. Nikafuta sufuri. Alicheka mpaka akamwita jirani yake aje anitazame.

Na hakukosea. Kiwanda hakiwashi tanuru kwa ajili ya kizibo kimoja. Kinachotengenezwa huku kinatengenezwa kwa maelfu, vyote sawasawa, ili kimoja kikivunjika kingine kishike nafasi yake. Chupa za Bibi hazikutengenezwa hivyo, na hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu yote, nitafika.

Nilikwenda pia masoko ya jumla ya vipodozi upande wa Baiyun, maana kauli yenu ilikuwa "nenda kwenye chupa za pafyumu". Nimekwenda. Chupa za pafyumu za leo shingo zake ni za kufungwa pampu ya kupulizia, inabanwa kwa pete ya bati, au zina mikunjo ya kuzungushia kifuniko. Kile kizibo cha kioo kizuri mnachokiona juu mara nyingi ni pambo tu. Ukikigeuza utakuta plastiki ndani, na hiyo plastiki ndiyo inayozuia.

Nikaenda Liwan, kwenye maduka ya vitu vya kale karibu na soko la jade la Hualin. Huko nilipata somo, lakini sikupata kizibo. Somo lenyewe nitalieleza mbele.

Basi kauli ya "China kuna kila kitu" iishe leo. China kuna kila kitu kipya. Kitu cha kale cha kwenu kiko kwenu.

KWA NINI KIZIBO HAKIPATIKANI

Chukueni moja ya zile chupa zenye kizibo, kingoeni taratibu, mtazame sehemu inayoingia shingoni. Si laini kama kioo cha dirisha. Ni nyeupe, kama imeingia ukungu. Tazameni na ndani ya shingo, mtaona ukungu ule ule. Huo si uchafu (tafadhali mtu asije akausugua kwa steelwire!). Ni alama ya kusagwa.

Fundi wa zamani alikuwa anatengeneza chupa peke yake na kizibo peke yake, vyote viwili havijakamilika. Kisha anachukua unga mkali wa mawe, anauchanganya na maji, anapaka, anakitia kizibo shingoni na kukizungusha, kukitoa, kukitia tena, mpaka kioo kinakula kioo. Mwisho wa kazi kizibo kimekaa katika shingo ile bila nafasi hata ya unywele, mafuta hayatoki wala harufu haitoki. Lakini kwa kuwa vimesagana viwili hivyo, vinafaana viwili hivyo tu. Ukikichukua kizibo hicho ukakitia kwenye chupa ya pili ya seti hiyo hiyo, kitacheza au kitakataa.

Ndiyo maana mafundi wengi walikuwa wakichora namba ndogo sana kwenye kizibo na namba ile ile kwenye shingo au mdomo wa chupa, ili wakati wa kuosha zisichanganyike. Tafadhali chukueni tochi, mtazame chupa zetu. Nina shaka kubwa kwamba katika vile vizibo vitatu vilivyopo, kimoja kimekaa kwenye chupa isiyo yake. Huenda tunasema chupa tatu hazina vizibo kumbe mojawapo kizibo chake kiko jirani, kimeazimwa miaka 50!

Baadaye sana, karne ya 20, watu wa maabara wakachoka na uchumba huu wa chupa moja na kizibo kimoja. Wakakubaliana vipimo: shingo ipungue upana kwa milimita 1 kila inaposhuka milimita 10, na saizi ziwe na namba, kama 14/23, 19/26, 24/29. Namba ya kwanza ni upana wa juu, kwa kukadiria, na ya pili ni urefu wa sehemu iliyosagwa, kwa milimita. Tangu hapo kizibo cha Ujerumani kinaingia kwenye chupa ya China. Ndiyo vizibo pekee vya kusagwa ninavyoweza kununua hapa kimoja kimoja, kwenye maduka ya vifaa vya maabara, ukiomba vya "mokou", yaani vyenye mdomo wa kusagwa. Lakini chupa za Bibi ni za kabla ya makubaliano hayo. Hazijui 14 wala 19. Shingo zake hata mviringo kamili hazina, kwa sababu mkono wa binadamu ndio uliozifanya.

SHINGO ISIGUSWE

Na sasa wewe mwenye kauli ya tatu. Sitakutaja, mwenyewe unajijua, na najua nia yako ni njema. Lakini nia njema ndiyo iliyovunja vyombo vingi kuliko paka.

Unasema shingo itanuliwe ili kizibo cha dukani kiingie. Nakuuliza: kati ya chupa na kizibo, kipi cha kale? Kipi alichokishika Bibi? Kipi kisichopatikana tena? Ni chupa. Kizibo tunachotafuta ni kipya, cha pesa ndogo, kikiharibika tutanunua kingine. Sasa kwa nini unakata cha kale ili kimfuate kipya? Ni sawa na mtu aliyenunua kofia ndogo akaenda kuchongwa kichwa.

Nitakwambia na hatari yake. Kioo cha zamani kina mapovu ndani na kina mkazo ambao jicho halioni. Kizungushie mashine kikavu, kipate joto upande mmoja, ufa utaanza mdomoni ushuke mpaka tumboni. Tena hiyo vumbi ya kioo fundi wako ataivuta kwa pua. Na hata kama haikupasuka, ule ukungu wa asili wa ndani ya shingo, kazi ya mkono wa fundi wa kwanza, umekwisha. Siku kizibo cha kweli kikionekana nyuma ya droo (na huonekana!), hakitaingia tena. Umeifungia chupa mlango wake mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na naomba iandikwe ibandikwe kabatini: kizibo kifuate chupa, chupa isifuate kizibo. Kama kuna kitu cha kusaga, kisagwe kizibo. Shingo isiguswe. Anayetaka kubishana na hilo aniletee hoja, asiniletee mashine.

Na hii si fikra yangu peke yangu. Mwaka 1964 wajuzi wa majengo ya kale walikutana Venice, Italia, wakaandika mkataba ambao mpaka leo ndio msingi wa kazi yao. Mmoja wa misingi yake unasema kinachowekwa badala ya kilichopotea kipatane na kitu kizima, lakini kiweze kutambulikana kuwa si cha asili, ili historia isidanganywe. Mji Mkongwe wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na tunakasirika mtu akitoa mlango wa mninga wa kuchonga akatia wa chuma. Sawa, tukasirike. Lakini mlango ukiwa na haki hiyo, chupa iliyokaa nyuma ya mlango huo haina?

TAKATAKA? YA NANI?

Nakuja kwenye kauli ya pili, ya kuuza. Hapa najua pana shida ya kweli. Kuna ada za skuli, kuna dawa za Shangazi, na mimi niliye mbali si haki yangu kuwaambia watu walio karibu na shida wakae wanatazama kioo. Nakubali. Kitu cha familia kinaweza kuuzwa familia ikikubaliana. Ninachokataa ni sababu iliyotolewa: kwamba kwa kuwa haina kizibo, haina thamani, basi apewe mtu kwa bei ya chupa tupu.

Sasa ndilo lile somo la Liwan. Wachina wana vichupa vidogo vya ugoro, vya kioo, vya jade, vya kauri. Kiwanda cha kioo cha kasri ya Beijing kilianzishwa mwaka 1696 zama za mfalme Kangxi, kwa msaada wa padri Mjerumani, Kilian Stumpf, na vichupa vya ugoro vilikuwa miongoni mwa kazi zilizotoka huko. Kila kichupa kilikuwa na kizibo chenye kijiko chembamba cha kuchotea. Sasa fikirini, vizibo vidogo kama ncha ya kidole, miaka 200 na 300, vingapi vimebaki na chupa zake? Vichache. Na je, wakusanyaji wamevitupa vichupa? Thubutu! Wanatia kizibo kingine, cha jade au cha kioo cha rangi, kila mtu anajua kuwa kizibo kimebadilishwa, na thamani inatazamwa kwenye chupa. Muuzaji mmoja aliniambia kwa ishara na Kichina changu kibovu: kizibo ni kofia, watu wanabadilisha kofia.

Na si hivyo tu. Kwa kanuni za China za mwaka 2007, kitu cha kale kilichotengenezwa kabla ya 1911 kwa kawaida hakiruhusiwi kutoka nje ya nchi. Wenye viwanda vya kutengeneza kila kitu kipya duniani ndio wanaobana cha kale kisitoke! Sisi tusio na hata kiwanda cha chupa za manukato ndio tunaokitoa kwa mnunuzi wa mara ya pili kubisha hodi. Hivi nani mjanja hapo?

Kwetu pwani tumeshaona mwisho wa mchezo huu. Nyumba za mawe za zamani, Lamu, Pate, Unguja, zilikuwa na zidaka ukutani, na ndani ya zidaka vyombo vya kauri vya kutoka huku huku ninakoishi mimi. Makaburi ya kale ya Kunduchi, karibu na Dar es Salaam, yalipambwa kwa sahani na mabakuli ya Kichina yaliyojengewa ndani ya nguzo na kuta. Nendeni mkatazame leo. Mengi yamebaki mashimo ya mviringo, ndani yake hamna kitu. Kila shimo lilikuwa na mtu aliyesema, "kwani hiki kina faida gani hapa?"

Tuje kwa mnunuzi wetu. Simjui na sina ugomvi naye, biashara haigombi. Lakini nawauliza: kama chupa bila kizibo ni takataka, kwa nini amekuja mara mbili? Mtu harudi mara mbili kufuata takataka. Mwenye kazi ya vitu vya kale, popote duniani, ana boksi la vizibo visivyo na chupa, amevikusanya kwenye chupa zilizovunjika. Anawaambia nyinyi haina kizibo, bei inashuka. Akifika dukani anajaribu kimoja kimoja mpaka kimoja kikae kae, anaipangusa vumbi, na mtalii anaambiwa "orijino". Chupa ile ile. Tofauti ni kwamba kwenu haikuwa na kizibo, na kwake ina uongo.

Na nyinyi mnaonunua, maana najua wengine mnapenda kununua, uongo huo mnaweza kuukamata kwa mkono. Tieni kizibo, kisha kitikiseni taratibu kushoto na kulia. Kikicheza, si chake. Tazameni rangi: kioo cha chupa kina ukijani na kizibo cheupe kama maji? Si chake. Tazameni kama kimezama mpaka mwisho wa sehemu iliyosagwa au kimening'inia nusu. Tafuteni namba, na kama ziko mbili hazifanani, mmeshajibiwa. Chupa yenye kizibo cha kuazima si dhambi kuinunua, ila ilipwe bei ya kizibo cha kuazima, na muuzaji aseme.

BASI TUFANYE NINI?

Msije mkasema nimekaa Dengfeng natoa amri tu. Haya ndiyo ninayoomba, kwa utaratibu.

Kwanza, chupa zote 6 zitolewe kabatini na mtu mmoja mwenye mikono mitulivu, ziwekwe juu ya taulo. Zitafutwe namba kwa tochi. Kila kizibo kijaribiwe kwenye kila shingo, bila kulazimisha. Huenda kazi ikapungua hapo hapo.

Pili, kizibo kilichogoma kutoka kisivutwe kwa koleo. Mara nyingi ni mafuta yaliyokauka. Tieni matone ya mafuta mepesi kwenye mstari wa kizibo na shingo, mkiache usiku kucha, kisha gongeni kidogo kidogo kwa kipande cha mti, huku na huku. Kikikataa, rudieni kesho. Mnaweza kuipasha shingo joto kwa kitambaa cha maji vuguvugu, kwa sababu shingo ikipata joto kabla ya kizibo inatanuka kidogo. Maji yanayochemka hapana! Kioo cha kale hakipendi kushtuliwa.

Tatu, vipimo. Picha hazinisaidii. Kunjeni karatasi ngumu kama bomba, iingizeni shingoni, iacheni ijifungue mpaka iguse kioo pande zote. Tieni alama ya penseli kwenye usawa wa mdomo, bandikeni selotepu isijikunjue, itoeni. Hapo mna umbo la shingo mkononi. Pimeni kwa milimita upana wa kwenye alama, na upana wa chini, na urefu wa sehemu yenye ukungu. Kama yuko fundi mwenye kalipa, bora zaidi. Kwa kila chupa nitumieni namba hizo 3. Nikizipata, nitanunua kizibo cha maabara kilicho kinene kidogo kuliko shingo. Halafu kuna fundi wa vioo huku, anatengeneza kwanza umbo la shaba lenye kupungua kama shingo ile, na kizibo kinasagwa humo kwa unga wa msasa na maji, si ndani ya chupa. Chupa haiguswi. Nimeshazungumza naye na amekubali kufanya vitatu. Vitatu, si 3,000.

Nasema mapema ili msivunjike moyo: kizibo hicho kitakuwa cha kawaida, kichwa bapa, hakina maua wala pembe kama vile vya Bibi. Na hakitakaa kikamilifu kama kile cha kwanza, kwa sababu hakikusagana na shingo yake. Ni sawa. Mtu akikiona ajue kimetiwa baadaye. Nitaomba wachore na mwaka juu yake.

Nne, kwa sasa hivi, kabla sijatuma kitu. Kama shida ni vumbi na wadudu, wazee wetu walikuwa hawaendi China. Walikuwa na gunzi la hindi! Lisafi, kavu, limechongwa kidogo. Nani asiyekumbuka gunzi kwenye chupa ya mafuta ya nazi? Na mkitaka kizuri zaidi, mpelekeeni mkereza awakerezee kizibo cha mti, kiwe chembamba kuliko shingo, na kizungushiwe uzi wa pamba ili mti usisugue kioo. Kizibo cha mti hakimdanganyi mtu. Kinasema wazi, mimi ni mgeni hapa, nalinda mlango tu.

Ila msitie kizibo cha mpira kwenye chupa yenye mafuta ya karafuu au manukato ya mafuta. Mafuta yale makali yanaula mpira, unavimba na kunata, na yanalainisha baadhi ya plastiki pia. Mwisho wake mafuta yananuka mpira na chupa inanuka vyote viwili. Kwani ni lazima chupa ya kale ifanye kazi? Mafuta ya kutumia yawekwe kwenye chupa mpya yenye kifuniko cha kuzungusha. Za Bibi zimefanya kazi ya kutosha, ziacheni zipumzike.

Tano, na hili ndilo kubwa: ziandikwe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukueni daftari la shule, mwandike chupa ya 1 mpaka ya 6, urefu, rangi, ufa ulipo, namba ikiwepo, na Shangazi aulizwe sasa, akiwa na kumbukumbu zake, ipi ilitoka wapi na ilikuwa ikitiwa nini. Mkiwa na daftari hilo, hata familia ikija kuamua kuuza, itauza ikijua inauza nini. Mnunuzi akisema "haina kizibo", mtamjibu, "tunajua, imeandikwa hapa, sasa tuambie bei ya chupa."

Nimemaliza. Najua kuna watakaosema nimepanda juu, kwamba watu wana njaa na mimi nalia kwa vioo. Lakini ada ya skuli mwezi huu tutaichanga, na mimi fungu langu nimeshalituma. Chupa ikishatoka mlangoni hakuna mchango utakaoirudisha. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na huyu mnunuzi ni wa kupita.

Nasubiri vipimo. Namba 3 kwa kila chupa, kwa milimita, si kwa vidole! Na huyo mwenye mashine aiazime kwa mtu mwingine mpaka nirudi.

Salamu nyingi kwa Shangazi, mwambieni namwombea afya. Watoto wote wabusiwe. Alamsiki.